Dunia ikifungwa tena: namna ya kukiandaa kijiji kinachoishi kwa msitu, bahari na wageni

Mwongozo huu nimewaandikia makatibu wa vyama, wahudumu wa afya ya jamii, wazee wa vijiji na yeyote anayeitwa kwenye baraza la chifu kutoa maoni. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii upande wa Gede, kaunti ya Kilifi, na kama wanawake wengi wa huku nina shughuli zaidi ya moja: nafuga vipepeo, nalima mihogo na kunde, na nimo kwenye chama cha kuweka na kukopa. Nyuma yetu kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, mbele yetu mikoko ya Mida, na mbele zaidi Watamu na hoteli zake. Ninayoyasema yametoka kwenye korona ya 2020 na 2021 kama ilivyotupitia sisi.

Wakati ule televisheni ilikuwa ikituambia kwamba dunia imepumzika. Ni kweli moshi wa viwanda, magari na ndege ulipungua. Hewa ya ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe ilishuka kwa takriban asilimia 5 mwaka 2020, halafu 2021 ikarudi karibu palepale ilipokuwa. Lakini huku kwetu msitu haukupumzika. Mtu aliyekosa mshahara wa hoteli mwezi wa Aprili, kufikia Juni alikuwa na shoka mkononi. Ugonjwa huwafikia miti na samaki kwa kupitia mfuko wa mtu na jiko lake. Kwa hiyo anayetaka kulinda mazingira wakati wa janga aanze na mfuko na jiko, na aanze kabla janga halijaingia.

Chora njia ya pesa

Chukua karatasi ya manila, kalamu nyeusi na nyekundu, na watu kumi au kumi na watano wanaokijua kijiji vizuri: wanawake, vijana wa bodaboda, wavuvi, angalau mwalimu mmoja. Kwa kila nyumba ulizeni: shilingi inayoingia hapa imetoka kwa nani, na huyo naye aliipata wapi? Fuateni mpaka mwisho. Msikubali jibu la "biashara tu". Mama anayeuza mahamri na mbaazi pale kituoni anamuuzia nani? Kama wateja wake ni wafanyakazi wa hoteli wanaosubiri matatu asubuhi, basi mahamri yake yanategemea ndege inayotoka Milano, hata kama yeye hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege. Kila njia inayopitia kwenye ndege ichoreni kwa kalamu nyekundu.

Mkimaliza mtashtuka, na ni vizuri mshtuke sasa. Kenya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2 mwaka 2019, na mwaka 2020 hawakufika laki 6. Ndege za kimataifa zilisimamishwa tarehe 25 Machi 2020 na hazikurudi mpaka Agosti mosi. Kaunti yetu ya Kilifi ilifungwa tarehe 8 Aprili, hakuna kuingia wala kutoka, mpaka tarehe 7 Juni. Wakati huo tayari kulikuwa na kafyu ya saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Watamu na Malindi zinategemea sana Waitaliano, na Italia ndiyo iliyougua mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya, kwa hiyo sisi tulianza kuhisi njaa ya wageni hata kabla ya mgonjwa wa kwanza wa Kenya kutangazwa tarehe 13 Machi.

Nitatoa mfano wa shughuli yangu mwenyewe, kwa sababu inaonyesha jinsi njia nyekundu inavyoweza kujificha. Mradi wa Kipepeo ulianza Gede mwaka 1993 ili watu wanaopakana na Arabuko-Sokoke wapate riziki kutoka msituni bila kuukata. Tunapata vipepeo majike, wanataga, tunawalisha viwavi majani ya miti yao (kuna aina inayokula majani ya ndimu na michungwa, ambayo unaipanda uani), na viwavi wakishageuka kuwa pupa tunawapeleka Gede, wanafungwa, wanasafirishwa kwa ndege kwenda kwenye nyumba za vipepeo za Ulaya na Marekani. Ni kazi nzuri na nitaitetea popote. Lakini pupa hangoji. Baada ya siku chache atatoboa na kuruka. Ndege zikisimama, hakuna ghala wala jokofu litakalokuokoa. Mradi wenye sifa kubwa ya kulinda msitu ukawa mshipi mmoja mrefu uliofungwa kwenye uwanja wa ndege.

Angalieni pia karo. Shirika la A Rocha Kenya lina mpango ambao kiingilio cha wageni wanaotembelea daraja la mbao lililojengwa ndani ya mikoko ya Mida huchangia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu. Mzazi anaona kwa macho yake kwamba mti uliosimama unamsomeshea mtoto. Ni wazo ambalo mimi nalipenda kuliko mahubiri yote ya mazingira niliyowahi kuyasikia. Kwa sababu hiyohiyo mpango wa namna hiyo unahitaji akiba ya muhula mmoja au miwili isiyoguswa, kwa sababu wageni wakikosekana, karo na msitu vinatikisika siku moja.

Kila nyumba yenye wino mwekundu mtupu iandikiwe njia ya pili. Njia ya pili tunaipima kwa maswali haya: je, bidhaa yake inaweza kukaa miezi bila kuoza? Je, mnunuzi wake yuko ndani ya kaunti? Je, inaweza kufanyika bila kukata mti wa msitu? Asali inapita kote, na mizinga inaweza kukaa ukingoni mwa msitu na kwenye mikoko. Korosho inapita. Kuku wa kienyeji, mihogo mikavu na fito za mivinje vinapita. Kutembeza wageni kwa mtumbwi hakupiti maswali mawili ya kwanza, kwa hiyo kijana anayefanya kazi hiyo, na ninawaheshimu sana vijana hawa, awe wa kwanza kupewa mizinga.

Mfuko wa dharura wa chama

Vyama vingi vina mfuko wa jamii wa kusaidiana msiba na ugonjwa. Msiba ni wa nyumba moja. Janga ni la nyumba zote siku moja, na mfuko wa msiba haulitoshi. Fungueni mfuko wa pili, hata kama kila mtu anaweka shilingi 20 kwa mkutano, na mwandike kwenye katiba kwamba unafunguliwa tu serikali ikitangaza kufunga kaunti, shule au ndege. Nusu iwe pesa, nusu iwe mahindi na maharagwe yaliyonunuliwa wakati wa mavuno na kuhifadhiwa kwenye magunia yasiyopitisha hewa. Wenye chakula ndani hawalazimiki kuuza kuku wote kwa bei ya kutupa wiki ya kwanza.

Kila mwanachama, na mama mzee pia, awe na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya kutuma M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na kwa nyumba nyingi hizo 200 na 300 zilizotumwa na ndugu ndizo zilizonunua unga. Bibi asiyekuwa na laini alimtegemea mjukuu, na si kila mjukuu ni mwaminifu.

Jiko

Hapa ndipo msitu unapookolewa au kupotezwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Janga linaongeza moto. Watoto hawali shuleni, baba hali kazini, jamaa wa Mombasa wamerudi, na sufuria iliyokuwa ikiwekwa mara mbili sasa inawekwa mara nne. Pesa ya gesi imekwisha. Kama hilo halitoshi, Julai 2021, watu wakiwa bado hawajasimama, kodi ya VAT ya asilimia 16 ilirudishwa kwenye gesi ya kupikia. Mitungi ikawekwa mvunguni na watu wakarudi kwenye makaa. Halafu mvua zikakosekana msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa 2020, na kule Ganze, ambako mahindi yalikauka shambani, makaa ndiyo yalibaki kuwa mazao.

Fanyeni hivi kabla. Kwanza, pandeni kuni zenu. Mivinje inakubali mchanga wetu wa pwani, na kuanzia miaka minne hivi unauza fito na matawi yanakwenda jikoni. Mkilifi (mwarobaini) nao unaota hata ukiusahau, ukikatwa unachipua tena. Kila nyumba yenye nafasi ipande mistari miwili mpakani. Mkono ulio na fito za mivinje uani hauendi Mida usiku kukata pau na boriti za mikoko.

Pili, tumieni kile ambacho mnazi unatupa bure. Vifuu vinawaka vikali kuliko kuni nyingi na makumbi yanashika moto taratibu. Vikaushwe na vihifadhiwe mahali pakavu, kwa sababu Aprili na Mei, miezi tuliyofungiwa, ndiyo miezi ya masika, na kifuu kilicholowa ni moshi mtupu.

Tatu, punguzeni muda wa moto. Loweka maharagwe usiku kucha. Yakishachemka vizuri kwa dakika ishirini, funika sufuria, itie ndani ya kapu lililojazwa matambara au majani makavu ya mgomba, zungushia blanketi kuukuu, uiache kwa muda wa saa nne au tano. Yataiva bila moto. Kina mama wengi hawaamini mpaka waone, kwa hiyo yapikeni mkutanoni, mkianza na maharagwe na kumaliza mkutano kwa kuyala.

Nne, na hili ni la wanaume wa kamati ya msitu: doria msizifikirie kama fimbo tu. Juni 2020, katika msitu wa Bwindi nchini Uganda, gorila dume maarufu aitwaye Rafiki aliuawa kwa mkuki na mwindaji aliyekuwa akitafuta kitoweo cha wanyama wadogo. Mwindaji alifungwa miaka 11. Hukumu ilitolewa, lakini Rafiki hakurudi na kundi lake likapoteza kiongozi. Wageni walipokosekana Bwindi, kipato kilichokuwa kikiwazuia watu kuingia na mitego kilikosekana pia. Kwa hiyo kamati iwe na orodha ya nyumba zilizo na wino mwekundu kwenye ile manila, na chakula cha mfuko wa dharura kianzie huko.

Baharini

Kwa wanachama wa BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo: tarajieni wavuvi wapya. Wapishi, walinzi na watunza bustani wa hoteli waliokosa kazi walikwenda baharini, wengi bila chombo wala ujuzi, na asiye na ujuzi huchukua njia ya mkato, yaani juya (wavu wa kukokota), wavu wa matundu madogo au bunduki ya kupigia samaki. Juya na bunduki vimepigwa marufuku tangu 2001, lakini njaa haisomi gazeti la serikali. Wanaoumia kwanza ni tafi na pono, samaki wanaokula mwani na kuyaweka matumbawe safi.

Ukimfukuza mtu huyo pwani, ataingia msituni. Mwandikisheni kama mvuvi wa muda, mpeni mzee wa kumfundisha, mwazimeni dema (mtego wa samaki) na mshipi wa halali, na mwonyesheni mpaka wa hifadhi ya bahari ya Watamu, ambayo imelindwa tangu 1968 na ndiyo inayotuzalia samaki wa nje yake. Sheria hizi ndogo zipitishwe kwenye mkutano wa kawaida sasa, wakati hakuna aliye na njaa.

Bei nayo inageuka. Kamba mawe na pweza wanaotegemea hoteli na wanunuzi wa nje hukosa soko ghafla. Kafyu huwazuia wanaovua usiku. Hivyo rudisheni ujuzi wa ng'onda: chumvi, vichanja vya kukaushia, na wanawake wanaojua kukausha samaki bila kuwaozesha. Wengi wao ni wazee. Kaeni nao karibu, wafundishe wasichana, na wasichana walipwe wanapojifunza.

Taka za ugonjwa

Shirika la Afya Duniani lilisema Februari 2022 kwamba vifaa vya kujikinga vilivyonunuliwa kupitia mpango mmoja wa Umoja wa Mataifa, kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, vilikuwa takriban tani 87,000, na kwamba kituo 3 kati ya 10 cha afya duniani hakikuwa na uwezo hata wa kushughulikia taka zake za kawaida. Katika nchi maskini zaidi ni vituo 6 kati ya 10. Kwa hiyo usitegemee kwamba kuna mtu mahali fulani atakayeshughulikia barakoa yako.

Barakoa ya bluu inayouzwa dukani ni plastiki, ingawa inaonekana kama kitambaa. Tulikuwa tumeshaacha mifuko ya plastiki tangu marufuku ya Agosti 2017, na tarehe 5 Juni 2020, katikati ya janga, plastiki za kutumika mara moja zikapigwa marufuku pia kwenye hifadhi na fukwe zilizolindwa. Halafu barakoa zikaanza kuonekana zimenasa kwenye mizizi ya mikoko.

Kwa watu wasio wagonjwa barakoa ya kitambaa inatosha, ya tabaka tatu, inayofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani. Kila kijiji kina fundi wa cherehani; agizo la barakoa 500 kutoka kwa chama ni chakula cha fundi huyo kwa muda mzuri. Za dukani zibaki kwa wauguzi, wagonjwa na wanaowauguza. Zikishatumika, kata mikanda yake ili isinase shingo za ndege na kasa, zitie kwenye ndoo yenye kifuniko, ziache siku tatu, kisha zipelekwe zahanati iliyo na kichomea taka. Kamwe usizitupe chooni. Usizichome uani penye watoto, maana moshi wa plastiki unaingia kwenye mapafu yaleyale unayojaribu kuyalinda. Mhudumu anayezikusanya apewe glavu nene na malipo. Usafi wa ufuo unaolipiwa na hoteli husimama hoteli zikifungwa, kwa hiyo mfuko wa dharura utenge fungu la kuwalipa vijana wachache waendelee kuokota.

Maji ya kunawa ni jambo jepesi kuliko yote. Mtungi wa lita tano, tundu moja lililotobolewa kwa msumari wa moto, kamba na kijiti cha kukanyagia, sabuni iliyotundikwa ndani ya soksi. Hicho ni kibuyu chirizi. Kiweke juu ya shina la mgomba au mpapai ili maji yasipotee.

Watoto wa kike

Shule za Kenya zilifungwa katikati ya Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa madarasa yote mpaka tarehe 4 Januari 2021. Uganda walikaa karibu miaka miwili, mpaka Januari 2022. Nimeingia nyumba nyingi wakati ule nikipeleka sabuni na maelezo ya korona, na jambo lililoniumiza kuliko ugonjwa wenyewe ni wasichana niliowakuta wajawazito, wa darasa la saba, la nane, kidato cha kwanza. Kuni zilipokwisha karibu, walitumwa mbali zaidi, peke yao. Pesa ya pedi ilipokosekana, walijitokeza watu wa kuitoa kwa masharti yao. Hapa mazingira na jamii ni jambo moja: umbali wa kuni ni usalama wa msichana.

Kwa hiyo pangeni sasa. Wasichana waende kutafuta kuni na maji kwa makundi pamoja na mtu mzima wa kike, kwa saa inayojulikana. Mfuko wa dharura ununue pedi mapema kama unavyonunua mahindi. Mwalimu anayeishi kijijini aombwe kusomesha watoto wachache wachache chini ya mwembe, kwa umbali, na chama kimlipe chochote. Kila nyumba iwe na namba 116 ya msaada wa watoto na 1195 ya ukatili wa kijinsia. Zote zinapigwa bure. Na msichana akishajifungua, mwambieni mzazi wake kwamba sera ya Kenya inamruhusu kurudi shule, kisha msindikizeni mpaka kwa mwalimu mkuu, kwa sababu ruhusa ya kwenye karatasi haitoshi. Wavulana wasisahauliwe: waliozoea pesa ya bodaboda na makaa walikuwa wagumu kurudi darasani, na wanahitaji mjomba au kaka wa kuwafuata nyumbani.

Popo wasiuawe

Kila ugonjwa mpya ukitajwa, kuna wanaotaka kuchoma mapango. Msiruhusu. Popo wanaokula matunda ndio wanaochavusha maua ya mibuyu yetu usiku, na kuwafukuza kunawatawanya majumbani. Funikeni vyakula na maji, msiokote popo aliyekufa kwa mikono mitupu, watoto wasichezee mapangoni, na tunda lililong'atwa litupwe. Msitu mnene wenye mipaka iliyo wazi unatuweka mbali na wanyama na wao mbali nasi. Kila kipande kinachokatwa kinatusogeza pamoja.

Daftari

Haya yote yanahitaji kupimwa, la sivyo mtakapoomba msaada mtaambiwa mlete ushahidi. Katibu anunue daftari la kurasa 200 na kila Ijumaa aandike vitu vilevile: bei ya gunia la makaa, bei ya unga wa kilo mbili, bei ya kilo ya samaki aina ya changu, idadi ya mizigo ya kuni iliyopita njia kuu kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, watu waliopoteza au kupata kazi, watoto ambao hawakuonekana shuleni. Majina ya watoto yasiandikwe, idadi inatosha. Anzeni wakati huu wa kawaida. Bila kujua makaa yalikuwa bei gani mwaka wa shwari, hamtaweza kuonyesha yalivyobadilika mwaka wa shida.

Manila ya njia za pesa ichorwe upya kila Januari, kwa sababu watu wanahama kazi. Nakala moja ikae kwa katibu, moja zahanati, moja kwa chifu, na picha yake iwe kwenye simu za watu wasiopungua watano. Mkutano wa kwanza usizidi muda wa saa mbili, uwe mchana ili wanawake waweze kufika, na anayeshika kalamu nyekundu awe mtu ambaye nyumba yake mwenyewe ina wino huo.